Bei ya Kibaraza

Karatasi waliibandika mlangoni kwa uji wa muhogo.
Mvua ya alfajiri ikaing'oa kona,
nikaisoma imejikunja, shingo upande:
wapangaji wa Shirika, nyumba za Bugarika,
punguzo la wanunuzi waliokaa miaka kumi na zaidi,
lililokuwa theluthi ya bei,
kuanzia mwezi wa saba ni shilingi kumi kwa kila mia.
Chini, muhuri. Chini ya muhuri, saini
iliyopinda kama mkia wa mjusi wa majabalini.

Nina miaka ishirini na sita humu.
Niliingia na tumbo la Ng'washi,
sasa Ng'washi ana mtoto anayehesabu hadi mia.
Risiti zangu za kodi zimejaza makopo mawili ya siagi.
Za mwanzo zimefifia wino, lakini nazijua kwa kunusa:
hii nililipa kwa pamba ya kaka,
hii kwa dagaa wa Kayenze,
hii, ya mwaka wa msiba, nililipa kwa cherehani.

Jumatatu akaja kijana wa futi.
"Mwangaluka, mayu," akasema. Adabu anayo.
Akapima sebule, akapima chumba,
akapima choo amebana pumzi,
kisha akatoka nje, akapima kibaraza.
Nikamwambia, baba, hicho nimejenga mimi.
Mifuko kumi na mmoja ya saruji,
mchanga nilinunua kwa ndoo,
kokoto niligonga mwenyewe kwenye jabali hilo hapo
hadi kucha ya kidole hiki ikakataa kurudi.
Akaandika: kibaraza, mita za mraba sita.
Akainua macho, akaliona ziwa katikati ya mapaa,
kipande tu, upana wa kanga iliyokunjwa.
Akaandika na hilo.
"Mandhari," akasema. "Huongeza thamani."

Kwa hiyo nauziwa saruji yangu,
nauziwa na ziwa
ambalo tangu nije halijawahi kuniomba hela.

Masalu, binamu yangu, dalali wa viwanja na maneno:
"Nilikwambia mwaka jana. Chelewa chelewa,
utakuta mwana si wako."
Mwana huyu, Masalu, nimemnyonyesha.
Nimempaka chokaa kila Desemba.
Na mwaka jana nilikuwa na nini mkononi?
Ada ya mjukuu, na mguu wa mama
waliokuwa wanaukata kule Bugando.

Upande wa pili wa ukuta, Leokadia aliwahi.
Alikopa kikundini, akauza ng'ombe wa mahari ya bintiye,
akaipata theluthi yake wiki mbili kabla ya karatasi.
Amepaka nyumba buluu.
Buluu inafika katikati ya ukuta, inasimama wima,
na chokaa yangu inaanzia hapo.
Matofali ni yaleyale. Akikoroga chai nasikia kijiko.
Siku tatu sikumsalimia, nakiri.
Siku ya nne akaniletea nusu ya sato,
na nusu yenyewe, upande wa kichwa.

Jana usiku mvua ikatoka ziwani bila hodi.
Paa letu ni moja, hilo hawakuligawa.
Saa nane nasikia kwake kiti kinaburutwa,
kisha sauti, karibu kabisa na ukuta:
"Kabula, na kwako inavuja?"
"Inavuja."
Kimya. Kisha akacheka,
kicheko cha mtu anayepiga hesabu gizani.
Kukicha mimi nitawaandikia Shirika barua,
ya kumi na mbili hiyo.
Yeye atanunua bati.

"Weka beseni," nikamwambia.
"Limejaa."
"Basi weka sufuria."